Nilivyokwenda Ganjoni Kutahiniwa Tarumbeta

Nyinyi vijana mnaojitayarisha kwenda kutahiniwa na tarumbeta mkononi, nimeombwa niwaandikie mawili matatu, nami nimekubali kwa sababu sina kazi nyingine. Meno yangu ya mbele yamekwisha, na mpiga tarumbeta asiye na meno ya mbele ni kama fundi cherehani asiye na sindano, hubaki kuwahadithia watu nguo alizowahi kushona. Nimepuliza miaka mingi katika bendi za bara, kisha nikafundisha miaka mingine mingi. Basi nisikilizeni kidogo, na mkichoka ondokeni polepole, msinigutushe.

Naanzia mdomoni, maana kila kitu huanzia hapo. Wiki ya mtihani acha pilipili, acha na ukwaju. Mafuta ya nazi jipake jioni. Ukijipaka asubuhi mdomo utateleza na sauti itakutoka kama ya mbuzi aliyekanyagwa. Wala usipulize ukiwa umetoka kula halua. Mimi nilifanya hivyo Idi moja, sukari ikaingia ndani, vitufe vyote vitatu vikagandamana, nikapiga maandamano mazima ya harusi kwa sauti nne tu. Bwana harusi hakujua. Wapinzani wetu walijua, na hawakuacha kunikumbusha mpaka walipotangulia mbele ya haki.

Baada ya mdomo ni pumzi. Mwalimu wangu aliniambia nilale chali mkekani, niweke kitu kizito tumboni, nivute pumzi mpaka kitu kile kiinuke, halafu nikiteremshe taratibu huku nikihesabu hadi ishirini. Kitu kizito kilichokuwapo nyumbani kilikuwa gunia la mchele la mama, limebaki nusu. Mama akarudi kutoka sokoni akanikuta chini ya gunia, macho yamenitoka, ninahesabu kwa kunong'ona. Kikapu kikamponyoka, nyanya zikatawanyika hadi uvunguni mwa kitanda.

"Mwanangu! Nani aliyekuangushia?"

"Hakuna, mama. Nalifunza tumbo."

"Tumbo lafunzwa?" akauliza. "Mimi lako nalifunza mwaka wa kumi na tisa huu, na bado halijajua kushiba."

Lakini alinisaidia kuokota nyanya, na kesho yake aliliweka gunia karibu na mkeka bila kuambiwa. Alikuwa mjane, akipika mahamri na mbaazi za kuuza pale mlangoni petu Kibokoni, katika Mji wa Kale. Hakupata kuelewa ninachokitafuta. Alielewa kuwa ninatafuta.

Nami nilikuwa nikitafuta nini? Niseme wazi, maana watahini wa siku hizi huwauliza swali hilo nanyi mnajibu maneno ya vitabuni. Vita vikubwa vilikuwa vimekwisha karibuni. Siku moja nilikuwa bandarini, meli ya abiria imefunga, na bendi yake inapiga juu ya sitaha. Watu kumi na wawili, kila mmoja na karatasi mbele yake, na hakuna aliyekuwa akipiga sawa na mwenzake, lakini vyote vilikuwa kitu kimoja. Mmoja alisimama kimya muda mrefu, akifuata karatasi kwa macho, halafu akapiga sauti moja tu mahali pake, akanyamaza tena. Sauti ile moja ilinikosesha raha kwa wiki nzima. Nilitaka kujua karatasi imemwambia nini.

Sisi wa Kibokoni hatukuwa na karatasi. Tulikuwa na chama cha beni. Beni, kwa asiyeijua, ni ngoma ya tarumbeta na madumu ya kugongwa kwa vijiti, watu wamevaa sare, wanapita mitaani kwa safu na bendera mbele, na vyama viwili hushindana mpaka kimoja kinyamaze. Kiongozi wetu alikuwa Ami Mbwana, fundi seremala mwenye mabega mapana na sauti ndogo. Hakuwa ndugu wa baba yangu, lakini vijana wote tulimwita Ami. Yeye ndiye aliyeniwekea tarumbeta mdomoni nikiwa na miaka kumi na minne, na yeye ndiye aliyenifunza kanuni kubwa ya shindano, ambayo lazima niwaeleze hapa, la sivyo hamtanifahamu huko mbele.

Kanuni ni hii. Tarumbeta ya upande wa pili hukutupia kifungu kifupi cha sauti, kama mtu anayekuuliza jambo mbele za watu. Wewe wajibu. Wachukua ncha ya kifungu chake, waigeuza, waitia chumvi, wamrudishia kitu ambacho hakukitaraji. Ukikirudia vile vile kama alivyokipiga, hata ukikirudia kwa uzuri wa namna gani, umekiri kuwa huna la kusema. Hapo chama chako hukunja bendera, na shindano limekwisha.

Mimi nililijua hilo kwa kuumia. Shindano langu la kwanza, mpigaji wa Majengo, chama cha wapinzani wetu, alinitupia kifungu kigumu, nami kwa ujinga wangu nikadhani nitaonyesha ufundi nikikitoa kilekile bila kukosea. Nikakitoa. Hakikupungua hata nukta. Wanawake wa Majengo wakapiga vigelegele mpaka nikaanza kutabasamu, nikidhani vyangu. Nilipogeuka nikaona bendera yetu inakunjwa. Tulirudi Kibokoni kwa safu, mimi katikati nimebeba tarumbeta kichwa chini, Ami Mbwana akinisuta njia nzima, na tulipofika akanipa kahawa.

Mwalimu Kayetano ndiye aliyenivuta kutoka huko. Alikuwa Mgoa, mzee wa kofia ya majani makavu, aliyepiga tarumbeta melini miaka mingi, na sasa alikuwa akifundisha watoto piano nyumbani kwake Ganjoni. Alinisikia kwenye harusi moja, akatufuata kwa miguu mitaa mitatu, akanishika mkono tulipopumzika.

"Wewe, nani alikufundisha?"

"Ami Mbwana."

"Yeye fundi. Lakini mashavu yako kama chura. Ukifika miaka thelathini mdomo umekufa." Akajifuta jasho. "Iko chuo cha muziki bara. Mwaka huu watachukua mpiga tarumbeta mmoja kutoka pwani. Mtihani baada ya miezi mitano. Unataka kusoma noti?"

Nikamwambia nataka. Sikungoja hata amalize kupumua. Ndipo akanipa sharti lake: kwa miezi mitano nisipige beni. Nilikuwa nikipuliza huku natembea, mashavu yamejaa, tarumbeta nimeigandamiza mdomoni ili nisikike juu ya madumu. Alisema mdomo mmoja hauwezi kufunzwa na walimu wawili. Nawaambieni, kwa upande wa kazi alisema kweli. Mdomo ni nyama, na nyama hukariri. Mkiwa na jambo la zamani mnalotaka kulitoa mdomoni, lipeni miezi, msilipe wiki.

Nikaenda karakanani kwa Ami Mbwana. Alikuwa akipiga randa mlango. Nikamweleza yote, naye hakuacha kupiga randa.

"Wenda zako?" akauliza.

"Siendi, Ami. Nasimama miezi mitano tu."

"Na Idi kubwa?"

"Idi kubwa imo katika hiyo miezi mitano."

Randa ikasimama. Aliichukua tarumbeta mikononi mwangu, akaipangusa vumbi la mbao kwa shati lake, akaitundika msumarini. "Haya. Tarumbeta ya chama hailali kwa mtu asiyeipiga," akasema. Halafu akakichomoa kile kipande kidogo cha mdomoni, ambacho sisi tulikiita kidomo, akanirudishia. "Hichi ni chako, mama yako ndiye aliyekununulia. Enda nacho."

Hakunikasirikia. Angalinikasirikia ningalijua la kufanya.

Basi mwezi wa kwanza wa matayarisho yangu nilikuwa na kidomo peke yake. Mwalimu Kayetano alisema ndiyo bora, na nyinyi pia fanyeni hivyo hata kama mna tarumbeta ya kung'aa. Puliza kidomo kitupu mpaka sauti itoke imenyooka, bila kutetemeka, muda wa kutembea kutoka mlango hadi kisima na kurudi. Mimi nilikuwa nikitembea Kibokoni na kidomo kinywani, kinalia kama nyuki kwenye kopo. Watoto walinifuata. Bibi mmoja jirani alimuuliza mama kama nimekwisha kupelekwa kwa tabibu.

Mwezi wa pili Mwalimu aliniazima tarumbeta yake ya melini, ya zamani, ina kishimo ubavuni kilichozibwa kwa risasi ya kuyeyusha. Tatizo likawa mahali pa kupigia. Nyumbani ukuta ni mmoja na jirani. Nilijaribu kuingiza mdomo wa tarumbeta ndani ya kabati la nguo, sauti ikazimika vizuri, lakini mabuibui ya mama yalianza kunuka mate na shaba, nikafukuzwa. Mwishowe nikapata mahali chini ya ukuta wa Ngome ya Yesu, upande wa bahari, penye mawe. Siku hizi mnaingia mle na tikiti mkapigwa picha. Wakati huo Ngome ilikuwa jela.

Nilikwenda kila siku baada ya alasiri. Karatasi naibana kwa jiwe, napiga mistari minne, nakosea, narudia. Wiki ya tatu askari mmoja wa jela, mtu wa bara, akateremka mawe yale kwa uangalifu mpaka akanifikia.

"Ni wewe wa tarumbeta?"

"Ni mimi, Bwana."

"Wafungwa wana malalamiko."

Nikaanza kuikunja karatasi. "Niwie radhi, nitaondoka."

"Hapana, si hivyo. Wanasema wiki tatu unawapigia mwanzo wa wimbo. Wanataka kujua unakwisha vipi."

Nikamwambia kweli, kwamba mimi mwenyewe sijui, sijafika ukurasa wa pili. Akatikisa kichwa. "Basi jitahidi," akasema. "Kuna mmoja anatoka Ijumaa."

Nilicheka peke yangu njia nzima. Nilipofika Kibokoni nikatafuta wa kumhadithia, na hapo ndipo nilipouona upweke wangu ulivyo. Wenzangu wa chama walikuwa barazani kama kawaida yao. Nikatoa salamu, wakaitikia vizuri, wakanisogezea nafasi, nikapewa kikombe cha kahawa. Hakuna aliyenitukana. Ila mazungumzo yao ya chama yalikatika nilipokaa, wakaanza habari za bei ya samaki na mvua. Nikainywa kahawa yangu, ikiniunguza, ili niondoke upesi na wao wapate kuendelea. Kile kisa cha wafungwa sikukihadithia. Nyinyi ni watu wa kwanza kukisikia.

Jambo hilo hakuna mwalimu anayewaambia. Matayarisho ya mtihani ni kazi ya mtu mmoja. Sauti ndefu, ngazi juu, ngazi chini, mistari minne mara hamsini, na hakuna atakayekwambia shabashi, kwa sababu hakuna wimbo humo wa mtu kuusikia. Mimi nilikuwa nimezoea kupiga katikati ya watu thelathini wanaotokwa na jasho pamoja nami. Kuna siku nilikaa juu ya mawe yale nikalia, nina miaka kumi na tisa na masharubu. Sioni aibu kusema. Nilikuwa nikiendelea vizuri kwenye karatasi, na kadiri nilivyoendelea ndivyo nilivyokosa mtu wa kumwambia.

Idi kubwa ikafika. Nilijiambia sitakwenda, nikaenda. Nilisimama nyuma ya umati, nimevaa kanzu kama mtu wa kawaida, na hiyo tu ilinitosha kuwa adhabu. Chama chetu kiliingia uwanjani na sare zake nyeupe na mishipi myekundu. Tarumbeta yangu ya zamani ilikuwa kwa kijana mwingine, mpole, mwenye mdomo mwembamba. Alijitahidi. Mpigaji wa Majengo akamtupia kifungu cha kwanza, akajibu. Cha pili, akajibu kwa shida. Cha tatu kilikuwa cha kejeli, kirefu, kina mkunjo mwishoni, nami jibu lake lilinijia papo hapo, nikalisikia kichwani kama kwamba nimekwisha kulipiga. Kijana yule aliinua tarumbeta, akaiteremsha, akainua tena. Ami Mbwana alikuwa ameshika fimbo ya uongozi. Akageuza shingo akatazama umati, akatazama mpaka akaniona.

Hakuniita. Alinitazama tu. Mkono wangu ulikuwa mfukoni, umeshika kidomo mpaka kikaniachia alama kiganjani. Nilifikiria mdomo wangu, miezi mitatu ya sauti ndefu, na sharti la Mwalimu. Sikutoka. Kijana akakirudia kifungu vile vile, na bendera ikakunjwa.

Baada ya hapo sikupita tena barazani. Nilipita kichochoro cha nyuma, chenye maji machafu.

Wiki mbili kabla ya mtihani Mwalimu Kayetano alinieleza sehemu zake tatu. Kwanza utapiga wimbo uliojifunza. Pili utawekewa karatasi usiyoijua uisome. Tatu mtahini atapiga kifungu kwenye piano nawe utakirudia, ili ajue una sikio.

"Hapo ndipo naogopa wewe," akasema. "Piano ikisema nazi, wewe sema nazi. Usiseme tui. Usiseme mnazi. Umesikia?"

Nikamwambia nimesikia. Tukafanya mazoezi kila siku, yeye kwenye piano, mimi nikirudia. Siku za kwanza mwili ulikataa, nikawa najibu bila kukusudia, naye ananipiga kwenye goti kwa rula. Mwisho nikazoea. Nikawa nasema nazi kila nilipoambiwa nazi.

Mtihani ulifanywa katika ukumbi wa shule upande wa Ganjoni, asubuhi ya jua kali, madirisha yote wazi. Tulikuwa wapigaji saba. Mtahini alikuwa Mzungu mwembamba, ameketi kwenye piano, na kando yake karani wa kutafsiri na kuandika. Mwalimu Kayetano alikaa kiti cha nyuma, kofia yake magotini. Wimbo wangu niliupiga vizuri, hadi ukurasa wa mwisho. Karatasi nisiyoijua niliisoma, nikakosea mahali pawili, nikaendelea mbele bila kusimama, na nyinyi pia msisimame, maana kosa la kusimama ni kubwa kuliko kosa la sauti. Mtahini akaitikia kwa kichwa. Nikajua nafasi ile inanikaribia.

Nikageuka niielekee piano kwa sehemu ya tatu. Kugeuka huko kukanielekeza dirishani.

Wamesimama nje juani, kwa safu. Sare nyeupe, mishipi myekundu, bendera mbele, dumu moja dogo. Ami Mbwana yuko mbele na fimbo yake. Mama ndiye aliyewaambia siku na mahali. Nao walikuja kwa sababu katika beni mtu haendi shindanoni peke yake, hata kama amekuacha uwanjani siku ya Idi mbele ya Majengo nzima. Miezi mitano sikuwa nimetazamwa na watu wangu namna ile.

Piano ikapiga kifungu cha kwanza. Nikajibu.

Sikukusudia, wala siwezi kusema sikujua. Nilikijibu kifungu kile kwa furaha, nikakigeuza, nikakitia mkunjo. Nje sauti ikasema "Shabashi!" na dumu likagonga mara moja. Mtahini akainua macho. Akapiga kifungu cha pili, polepole zaidi. Nikakijibu pia, kwa nguvu zaidi, na nje wakacheka kwa raha kama watu walioona mnyonge wao amepata. Mwalimu Kayetano alikuwa amefumba macho.

Mtahini akasema maneno machache. Karani akanitazama kwa huruma.

"Bwana auliza, wasikia au husikii? Amesema hichi ni cha mwisho. Kirudie kama kilivyo. Kama huwezi, ahsante, wende zako."

Piano ikapiga. Sauti saba, nyepesi, hata mtoto angeziweza. Jibu lilinijia lenyewe, zuri kuliko yote niliyowahi kuyapata, na hadi leo nalikumbuka, ingawa sina meno ya kuwapigia. Nilitazama dirishani. Ami Mbwana alikuwa ameinua fimbo kidogo, anangoja, uso wake umefunguka. Nikaifikiria karatasi ya yule mtu wa melini. Nikaweka tarumbeta mdomoni, nikazirudia sauti saba kama zilivyo.

Ami Mbwana akateremsha fimbo.

Mtahini akatabasamu kwa mara ya kwanza. Akapiga kingine, nikakirudia. Akapiga vingine vitatu, vinazidi ugumu, nikavirudia vyote, na kila nikirudia nilijua kwa watu wale naonekanaje. Nilipoteremsha tarumbeta, dirisha lilikuwa tupu. Nikakimbilia mlangoni. Niliwaona mbali barabarani, wamenipa mgongo, bendera imekunjwa, wanakata kona kuelekea Mbaraki.

Ningeweza kuwakimbilia. Nilikuwa na miguu ya miaka kumi na tisa. Lakini Mwalimu Kayetano alikuwa amenishika mkono kwa mikono yake yote miwili, anatokwa na machozi, anasema "Umepata, umepata," nami, Mungu anisamehe, nilikuwa na furaha pia. Akanipitisha mlango wa nyuma kwenda nyumbani kwake kunywa soda. Nikakaa huko mpaka giza likaingia, kwa sababu sikujua nitapita wapi Kibokoni.

Barua ya chuo ilikuja, nafasi ni yangu. Katika siku zilizobaki mama aliniambia mara mbili, "Ami Mbwana akuulizia." Nikadhani ataka kunisuta, sikwenda. Nilipopanda treni walinisindikiza watu wawili, mama na Mwalimu Kayetano.

Kazi niliipata, nayo ilikuwa nzuri, siwezi kuikufuru. Nilisoma karatasi nyingi. Nimewahi kuwa yule mtu anayenyamaza muda mrefu halafu akapiga sauti moja mahali pake, na utamu wake ni uleule nilioudhania bandarini. Lakini kila likizo niliyorudi Mombasa nilipita kichochoro cha nyuma. Nikikutana na mtu wa chama tulisalimiana kwa adabu, tukaulizana hali za watoto. Nikajiambia walinitupa siku ile, nami nimezoea. Watu wa bendi waliniita mtu mkimya. Sikuwa mkimya nilipokuwa Kibokoni.

Ikapita zaidi ya miaka ishirini. Mama alipofariki nilirudi kumzika, na siku ya hitima Ami Mbwana aliletwa, ameshikwa mkono, macho yake hayaoni vizuri. Tukakaa sisi wawili ukumbini watu walipoondoka. Nikaona nikinyamaza siku hiyo nitanyamaza daima. Nikamwambia ule ulikuwa mtihani wa masikio, kwamba kurudia ndiko kulikotakiwa, kwamba sikushindwa.

"Twalijua," akasema. "Mama yako alitweleza toka mwanzo."

"Mbona basi mulikunja bendera mukaniacha?"

Akanigeuzia uso kama kwamba hakunisikia sawasawa.

"Bendera hukunjwa mtu akirudia. Hiyo ni ada, haina mtihani. Na chama kilichokunja bendera hakisimami mbele ya mlango wa aliyeshinda. Tulikata kona tukakaa kivulini tukungoje, turudi nawe nyumbani, kama siku zote." Alipapasa mkeka mpaka akaupata mkono wangu. "Tulikungoja hata adhana ya magharibi. Tukasema, haya, amekuwa mkubwa, hataki tena kutembea nasi. Ulipita ndia gani wewe?"

Nikamwambia nilipitia mlango wa nyuma, kwenda kunywa soda.

Aliendelea kuushika mkono wangu, mimi nikalia, na safari hii sikuwa na miaka kumi na tisa. Kwa hiyo, vijana, mafuta ya nazi jioni, pumzi hadi ishirini, kosa likitokea msisimame. Na mkitoka kwa watahini, mmepata au mmekosa, fikeni kwanza mpaka konani mkatazame.